Jumamosi Walipohamia Upande wa Kulia

Juzi pale uwanjani Misunkumilo, mlipomaliza mazoezi na mkawa mmekaa chini mnavua viatu, mmoja wenu aliniuliza swali na wengine wote mkaangua kicheko. "Babu Shoto, kama ulikuwa hatari kiasi hicho, mbona hukufika Dar?" Nikajifanya nacheka na mimi. Nikasema hiyo hadithi ndefu, nikajipangusa vumbi, nikaondoka zangu nikichechemea. Jamani, nyie watoto mna midomo! Ila swali lenu ni halali, na jibu ninalo. Naliandika kwa sababu nikilisema kwa mdomo huwa nalipindisha, naishia kusema goti, au bahati, au mapenzi ya Mungu.

Naitwa Gervas. Mimi ni Mkonongo wa hapahapa Mpanda. Nimebeba robota za tumbaku, nimelima mahindi Kasokola, nimelinda geti la watu miaka sita. Kazi hizo zote zilikuwa za kutafuta ugali. Ukiniuliza fani yangu nitakwambia winga wa kushoto, timu ya Mizinga, na nitakwambia hivyo mpaka siku mtakayonifukia. Na kitu kimoja tu nilikitaka duniani: kucheza Dar, timu kubwa, redio itaje jina langu na mama yangu asikie. Nilikitaka mpaka nikawa nakiota mchana nikiwa na robota kichwani.

Mguu wa kushoto sikuuomba. Nilizaliwa nao, na mkono wake pia, na mkono ulinitesa sana. Nyumbani bibi alinifunga kitambaa mkono wa kushoto wakati wa kula ili nijifunze. Mjini ndiyo usiseme. Kulikuwa na mfanyabiashara wa vitenge na sukari na mafuta ya taa, Mzee Rajabu, Mwislamu mshika dini, duka lake karibu na soko. Siku ya kwanza kutumwa pale nikapokea sukari kwa kushoto. Akairudisha ndani. "Mkono gani huo, kijana? Nyumbani kwenu hakuna watu wazima?" Nikabadilisha mkono, sukari ikanimwagikia, watu wakacheka. Nikamchukia yule mzee mwaka mzima. Halafu akaja kuniona nacheza, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenipenda hapa mjini kama yeye. Alikuwa anasema, "Mkono wake bado siutaki, ila mguu wake naomba Mungu aulinde."

Aliyenitengeneza ni Mwalimu Sikazwe, kocha wetu, Mfipa, mwalimu wa hesabu shule ya msingi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuku jike. Nyie leo mnawekewa koni za plastiki. Sikazwe alichukua majivu ya jikoni kwake kwenye debe bovu, akachora mstari wa pembeni uwanja mzima, halafu akaniambia, "Kimbia na mpira kwenye mstari. Nikikuta majivu yamechafuka, unarudia." Nilirudia mpaka nikatapika. Mpira ulitakiwa upite hatua moja ndani ya majivu, mguu wangu nusu hatua, na majivu yabaki kama alivyoyamwaga. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nakimbia bila kutazama chini. Akasema, "Sasa huo mstari ni ndugu yako. Wengine wanauogopa, wewe uegemee."

Hilo mlichukue. Na hili pia: acheni kuutazama mpira, mpira hauna akili. Mtazame beki anasimamia mguu gani. Beki hawezi kugeukia upande wa mguu uliobeba uzito wake mpaka auhamishe kwanza, na kuuhamisha kunachukua muda wa wewe kupumua mara moja. Pita hapohapo. Wengi wenu mnapiga chenga tatu wakati beki alishaanguka kwenye ya kwanza. Mnamsubiri ainuke ili mumpige tena. Hiyo ni kazi au sherehe?

Nasema hivyo kwa sababu niliifanya mwenyewe. Timu ya Tabora ilikuja, nikawapita mabeki wawili, nikampita kipa, goli likabaki jeupe kabisa. Nikasikia watu wanapiga kelele, "Tena! Tena!" Bwana wee, nikarudi. Nikamrudia kipa ili nimpite mara ya pili, na yule kipa, mtu mzima na kitambi chake, akaukalia mpira kama kuku anayeatamia. Sikazwe alinipa jezi zote nikafue, wiki mbili mfululizo, na kila nikianika alikuja kuhesabu kama hakuna iliyopungua. Lakini mashabiki! Mashabiki walinibeba juujuu siku ile kana kwamba nimefunga. Ndipo nilipoanza kuharibika. Nilianza kuwachezea wao.

Viatu sasa. Mimi na winga wetu wa kulia, Jofrey, tulikuwa na jozi moja ya viatu vya mpira kati yetu. Msicheke. Mimi nilivaa cha kushoto, yeye cha kulia, na mguu mwingine kila mtu alivaa raba yake. Kilinitosha, kwa sababu mguu wangu wa kulia ulikuwa wa kupandia baiskeli tu. Jofrey alikuwa mchezaji wa kawaida, mtiifu, mwenye mbio. Alikuwa rafiki yangu. Hakuna ubaya wake hata mmoja katika haya nitakayosema.

Sasa niwaeleze desturi ya pale kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa. Mashabiki wa Mizinga walijiita Nyuki, na mkubwa wao alikuwa Mzee Rajabu. Uwanja wetu wa zamani ulikuwa na ukuta wa ghala la tumbaku upande wa magharibi, na jioni ukuta ule ulitupa kivuli kizuri hadi kwenye mstari. Kipindi cha kwanza tulishambulia kwenda kaskazini, kwa hiyo mimi nilikuwa upande huo wa kivuli, na Nyuki walikaa hapo na vigoda vyao, kreti za soda, mikeka. Mapumziko yakiisha timu zinabadilishana magoli, si ndiyo? Mimi nilienda upande wa mashariki, kwenye jua. Na Nyuki nao walisimama wote, wakabeba vigoda vichwani, akina mama na watoto mgongoni, wakakatiza katikati ya uwanja wakanifuata juani. Waliacha kivuli ili wakae na mimi. Refa alisubiri mpaka mama wa mwisho avuke na mkeka wake ndipo apulize filimbi. Timu za wageni zilituuliza, "Nyie mnahama mji?" Mzee Rajabu akawajibu, "Tunamfuata malkia."

Hamjui hiyo ni raha ya namna gani. Mnacheza leo watu wanatazama simu. Mimi nilikuwa napokea mpira nasikia pumzi za watu mgongoni, hatua mbili kutoka kwangu. Nilimjua kila mtu kwa sauti. Kulikuwa na mama mmoja muuza karanga ambaye kila nikigusa mpira alisema tu, "Haya, mwanangu," taratibu, kama ananipa chakula. Mpaka leo ninaikumbuka sauti ile. Naitamani kuliko ujana wenyewe.

Sasa sifa ina miguu. Wafanyakazi wa treni waliibeba mpaka Tabora, na kutoka Tabora ikafika Dar. Siku moja Sikazwe akaniita pembeni. "Gervas, kuna mtu anakuja Jumamosi. Wa timu kubwa. Anatafuta winga mmoja tu. Usimwambie mtu, na usicheze na kipa." Nilirudi nyumbani sijui hata nilipitia njia gani. Nilizifua kaptula zangu mara mbili. Mama alinishonea soksi. Nikamwambia Jofrey, maana kumficha nilishindwa, na Jofrey akakisafisha kile kiatu changu cha kushoto yeye mwenyewe akakipaka mafuta. Akasema, "Kaka, ukifika huko usitusahau."

Jumamosi ikafika. Tukatoka mstari mmoja, nikageuka upande wangu wa magharibi, upande wa kivuli. Hakukuwa na mtu.

Nilidhani wamechelewa. Nikatazama ng'ambo, nikawaona. Nyuki wote walikuwa mashariki, upande wa Jofrey, wamekaa kwenye jua la saa kumi linawapiga usoni, wameweka viganja juu ya macho ili waone. Kivuli chote kilikuwa kwangu na hakuna hata mtoto aliyekikalia. Na walikuwa wanaimba jina la Jofrey. Jofrey! Mwenyewe alikuwa anatazama nyuma kama kuna Jofrey mwingine.

Nikajiuliza nimewakosea nini. Wiki iliyopita nilikosa penalti, nikadhani ndiyo hiyo. Mpira wa kwanza ulikuja nikautoa nje. Wa pili nikamgongesha beki. Nilikuwa natega sikio badala ya kutazama mguu wa mtu. Sikazwe alipiga kelele kutoka benchi, "Gervas! Majivu, Gervas! Cheza na mstari!" Lakini mstari ule ulikuwa mkavu, ulikuwa umekufa. Sijawahi kuwa mpweke vile, na nimezika wazazi wote wawili.

Mapumziko nilisema moyoni, sasa nakwenda mashariki, wapo tayari huko, nitawauliza kwa macho tu. Nikavuka. Nilipokaribia, Mzee Rajabu akasimama, akabeba kigoda chake, na wote wakasimama. Wakapishana na mimi katikati ya uwanja. Wengine walitazama chini. Yule mama wa karanga alifunika uso kwa kitenge. Wakaenda kukaa kule nilikotoka mimi. Walikuwa wananikimbia mchana kweupe, na refa akasubiri wamalize kunikimbia.

Kipindi cha pili sikucheza. Nilikuwepo tu. Jofrey, kwa zile kelele, alipata mbawa, akafunga mabao mawili, moja kwa kichwa, mtu ambaye kichwa alikuwa hakitumii hata darasani. Mechi ilipoisha nikaona mtu mwenye shati jeupe na begi dogo anampa mkono. Hakunitazama mimi hata mara moja. Na kwa nini anitazame? Nilikuwa mbovu kuliko wote ishirini na wawili.

Jofrey aliondoka na treni siku tatu baadaye. Alilia stesheni. Alinipa kile kiatu cha kulia akasema, "Huko wamesema watanipa. Sasa una jozi." Nikavaa jozi kamili kwa mara ya kwanza maishani, nikajiona kama nimeazima miguu. Alicheza huko misimu kadhaa. Redioni walipomtaja nilizima, halafu nikawasha tena haraka nisikie kama amefunga.

Jumamosi iliyofuata Nyuki walikuwa upande wangu na vigoda vyao, wanaimba kama hakuna kilichotokea. Nilikwenda dukani kwa Mzee Rajabu nikamuuliza, "Mzee, siku ile nilikukoseeni nini?" Alikuwa anapima kitenge. Hakuinua kichwa. "Hukutukosea. Tulitaka kumpa Jofrey moyo, mama yake alikuwa hajisikii vizuri." Nikakubali. Mtu ukipenda, hata jibu bovu unalimeza. Nikacheza miaka mingine tisa pale, na sitawadanganya, ilikuwa miaka mitamu. Watoto walipewa jina langu. Harusi yangu Nyuki ndio waliopika. Msimu baada ya msimu walihama na mimi, kivulini na juani, mpaka goti lilipokataa. Na watu wa Dar hawakurudi tena. Wakishakuja mara moja wanajua wamechukua kilichokuwepo.

Sasa Mzee Rajabu ni mzee kweli. Duka anaendesha mwanawe, yeye anakaa tu mlangoni kwenye kiti na tasbihi yake. Mwaka jana, mfungo wa Ramadhani ulipokaribia, alituma niitwe. Nikadhani anaumwa. Nilipofika akamwambia mwanawe aende akanywe chai, halafu akaanza bila hata kuniuliza hali.

"Gervas, mama yake Jofrey hakuwa mgonjwa."

Nikavuta kigoda nikakaa.

"Yule mgeni alifika Ijumaa. Akaja hapahapa dukani kuuliza. Jina lako alikuwa halijui, wala upande hakuujua. Wale wa treni walimwambia kitu kimoja: nenda Mpanda, winga utamjua kwa mashabiki, akihama nao wanahama. Akaniuliza ni nani huyo. Nikamwambia, njoo kesho utamwona mwenyewe." Akasogeza punje za tasbihi. "Baada ya swala ya alasiri nikawaita Nyuki wote, hapa nyuma ya duka. Nikawaambia wanakuja kumchukua. Mama wa karanga alilia. Hakuna aliyekataa, Gervas. Watu wote wale, na hakuna aliyekataa."

Nilitaka kumpiga. Nawaambia ukweli, mtu wa zaidi ya miaka themanini, nilitazama ile shingo nikataka kumpiga. Maisha yangu yote, redio ya mama, robota za tumbaku, geti la watu, vyote vilipita mbele yangu. Nikasema, "Mngeniuliza! Si mngeniuliza tu, Mzee?"

"Tungekuuliza ungesemaje?"

"Ningesema nakwenda."

"Basi," akasema. "Ndiyo maana."

Nikaondoka bila kuaga. Miezi miwili nilikuwa nikifika karibu na soko nazunguka njia ya nyuma nisimwone. Nilikaa nyumbani nimenuna mpaka mke wangu akaniuliza nani amekufa. Nilimwambia winga. Na kadiri nilivyonuna ndivyo nilivyogundua jambo baya zaidi: sina mtu mwingine. Sikazwe alishazikwa. Mama wa karanga alishazikwa. Jofrey yuko huko Dar na sukari imemkata mguu, tena ule wa kulia, maskini. Nikitaka kuzungumza habari za mguu wangu wa kushoto, ule mpira wa Tabora, ile krosi ya siku ya mvua, mtu pekee aliyebaki Mpanda nzima aliyeiona kwa macho yake ni yule aliyeniibia.

Kwa hiyo nikarudi. Hakushangaa. Alisogeza miguu yake nikapata nafasi mlangoni. Tukakaa tukitazama pikipiki zinavyopita, na baadaye kidogo nikasema, "Mzee, hebu nisimulie ile krosi ya siku ya mvua." Akanisimulia. Alitia chumvi, mabeki watatu wakawa watano, na mimi nikaacha. Aliufuata mpira kwa kidole hewani mpaka ukaingia. Siku hizi nakwenda kila Alhamisi.

Wiki iliyopita, siku mbili kabla hamjaniuliza lile swali lenu, nilikuwa nimekaa naye, tumefurahi, nikaamua kumtania. Nikamwambia, "Mzee, na leo akija mgeni kutoka Dar, anamtafuta Shoto wa Mizinga, mtanificha tena?"

Akanigeukia akanitazama, akaanza na goti, akapanda mpaka kwenye mvi, akashuka tena kwenye goti. Akacheka mpaka tasbihi ikamdondoka.

"Leo?" akasema. "Leo tutakusindikiza mpaka stesheni sisi wenyewe, na begi tutakubebea."

Nikaiokota tasbihi nikampa, nikacheka naye. Lakini nyie wanangu mjue kwamba iliniuma kuliko ile Jumamosi.